Homurani Ambazo Hazikupigwa

Chukua wapigaji watatu wa besiboli ya Marekani, kila mmoja umsimamishe pale alipomaliza msimu aliocheza akiwa na miaka 32. Ken Griffey Jr. ana homurani 468. Mickey Mantle ana 454. Hank Aaron, wa mwisho kati yao, ana 442. Sasa waachie waendelee hadi watundike daluga. Griffey anaishia 630, Mantle 536, na Aaron aliyekuwa mkiani anafika 755. Baada ya umri ule Aaron aliongeza 313, Griffey 162, Mantle 82 tu.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu: homurani ni lile pigo ambalo mpigaji anaukuta mpira kwa gongo, ukapaa na kuvuka uzio ndani ya mistari ya uwanja, naye akazunguka vituo vyote vinne bila kuguswa. Msimu wa Ligi Kuu una mechi 162 (zilikuwa 154 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960), na zinachezwa karibu kila siku kuanzia majira ya kuchipua hadi mwishoni mwa Septemba. Katika mchezo wa mfululizo wa namna hiyo, jumla ya maisha ya mchezaji huheshimiwa kupita kiasi. Shabiki wa kweli anazijua kwa moyo: Barry Bonds 762, Aaron 755, Babe Ruth 714. Na kwa sababu anazijua, hakosi kuuliza lile swali la vijiweni: fulani angefikisha ngapi kama asingeumia?

Jibu la haraka lina kanuni yake. Gawanya homurani kwa mechi alizocheza, zidisha kwa mechi alizokosa, jumlisha. Ni hesabu ya darasa la tano, na ubaya wake ni huo huo, inampa mchezaji siku zake bora hata kwa siku ambazo hakuwepo, kama mvuvi anayejihesabia samaki wa siku ambazo hakuingia baharini kwa kipimo cha siku aliyojaza ngalawa. Mimi siikatai moja kwa moja. Ninachokataa ni kuitumia kwa kila mtu. Msimu uliochukuliwa na serikali na msimu uliochukuliwa na goti si kitu kimoja, ingawa kwenye kitabu cha takwimu yote miwili inaonekana kama nafasi tupu.

Tuanze na serikali. Ted Williams wa Boston Red Sox alipiga homurani 37 mwaka 1941 na 36 mwaka uliofuata. Kisha akaingia jeshini, akajifunza urubani, na misimu ya 1943, 1944 na 1945 ikapita bila yeye. Aliporudi mwaka 1946 alipiga 38, na 1947 akapiga 32. Wastani wa misimu hiyo minne, miwili ya kila upande wa pengo, ni karibu 36. Mara tatu, tunapata 107. Mwishoni mwa Aprili 1952 akaitwa tena, safari hii Korea, ambako aliruka misheni 39 za kivita na mara moja akaitua kwa tumbo ndege iliyokuwa ikiwaka moto. Katika misimu ya 1952 na 1953 alicheza mechi 43 tu, akapiga homurani 14. Ukichukua 1950, 1951, 1954 na 1955 wastani wake ni kama 29. Miwili inakuwa 58, toa 14, zinabaki 44. Jumla yake rasmi ni 521. Ongeza 107 na 44, unapata 672, na hapo ni Bonds, Aaron, Ruth, Albert Pujols na Alex Rodriguez pekee walio juu yake.

Hesabu hiyo naiamini, na sababu ni kwamba kingo za pengo ni nzima pande zote mbili. Mtu aliyeondoka ndiye aliyerudi. Tena misimu niliyoitumia kulijaza pengo la Korea haikuwa ya raha: mwaka 1950 Williams alivunjika kiwiko akidaka mpira katika mechi ya nyota wa ligi mbili pale Comiskey Park, akamaliza na mechi 89, na mwaka 1954 alivunjika mtulinga siku ya kwanza kabisa ya mazoezi ya maandalizi. Kwa hiyo wastani wake umeshakatwa kodi ya majeraha. Sijampa mwili ambao hakuwa nao.

Hata hivyo kuna mtego, na wengi huurukia bila kuuona. Misimu ile ya vita haikuwa misimu ya kawaida kwa waliobaki. Kinara wa homurani wa American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, mwaka 1944, Nick Etten wa Yankees, alipiga 22 tu. Mwaka 1945 Vern Stephens aliongoza kwa 24. Wapigaji wakubwa walikuwa wamevaa magwanda, na mpira wenyewe ulidorora, kwani raba ilikuwa mali ya vita na mwanzoni mwa 1943 ligi ilijaribu kiini cha balata, utomvu mbadala, ambacho hakikutaka kuruka. Je, Williams anayebaki nyumbani peke yake anawapiga warushaji dhaifu kwa mpira mfu? Au wote wanabaki? Kama wote wanabaki basi hakuna vita, na hapo tumeshatoka kwenye besiboli tunaipanga upya dunia nzima. Naiacha 107 ilivyo, lakini naiandika kwa penseli.

Willie Mays anaonyesha jinsi jibu linavyobadilika kulingana na ukingo wa pengo uliosimama. Aliingia New York Giants mwaka 1951 akiwa na miaka 20, akapiga homurani 20 katika mechi 121. Msimu uliofuata alicheza mechi 34 tu, jeshi likamchukua, na msimu wote wa 1953 hakuonekana. Alikosa kama mechi 270. Aliporudi mwaka 1954 alipiga 41 katika mechi 151. Ukizijaza mechi 270 kwa kasi ya 1951, unamwongezea kama 45, na jumla yake inatoka 660 hadi 705, nyuma ya Ruth. Ukitumia kasi ya 1954 unamwongezea 73, anafika 733, mbele ya Ruth. Kijana wa miaka 20 na mwanamume wa miaka 23 si mpigaji mmoja, na hakuna anayejua ni mwezi gani wa pengo lile ambapo wa kwanza aligeuka wa pili. Wala hakukaa bure: huko Fort Eustis, Virginia, alikuwa akiichezea besiboli timu ya kambi. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Mays alistaafu mwaka 1973. Aprili 8, 1974 Aaron alipiga ya 715, akimvuka Ruth, baada ya kuandamwa kwa miezi na barua za matusi na vitisho vya kifo kutoka kwa watu wasiotaka mtu mweusi aivunje rekodi ile. Laiti rekodi ingekuwa ya Mays, Aaron angekuwa akimfukuzia mweusi mwenzake, mwana Alabama mwenzake, aliye hai. Sidhani posta ya Atlanta, alikokuwa akichezea Aaron, ingebeba mzigo uleule.

Na wapo ambao misimu yao haikuchukuliwa na vita wala jeraha. Josh Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kuruhusiwa Ligi Kuu katika karne ya ishirini, hajakanyaga uwanja wa Brooklyn. Misimu yake mingi aliicheza katika ligi za weusi. Ni vitabu vya Ligi Kuu vilivyokataa kuihesabu, hadi mwaka 2024 takwimu za ligi hizo zilipoingizwa rasmi. Huyo hahitaji kuzidishiwa mechi alizokosa.

Sasa goti, au kwa Griffey, karibu kila kiungo kilicho chini ya kiuno.

Mwishoni mwa msimu wa 1999, kabla hajatimiza miaka 30, Griffey alikuwa na homurani 398. Aaron katika umri huo alikuwa na 342. Griffey akahamia Cincinnati, akapiga 40 mwaka 2000, na kila mtu akawa anahesabu ni mwaka gani angempita Aaron. Kisha ikaja misimu minne ya 2001 hadi 2004. Msuli wa nyuma ya paja. Goti. Bega lililochomoka akirukia mpira. Kano ya kifundo cha mguu. Halafu paja tena, na safari hii msuli ulichanika ukabanduka kwenye mfupa, madaktari wakaufunga kwa skrubu. Katika mechi 648 za misimu hiyo minne alicheza 317, akapiga homurani 63.

Ipe kanuni ya vijiweni kazi yake. Kati ya 1996 na 2000 alipiga 249 katika mechi 763. Kwa kasi hiyo mechi 648 zingempa 211, yaani 148 zaidi ya alizopata, na jumla yake ingekuwa 778. Amempita Bonds! Lakini tumia kasi yake halisi ya misimu ile minne yenyewe, 63 kwa mechi 317, uijaze mechi 331 alizokosa, na unamwongezea 66 tu: 696. Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo linalonihusu, kwa sababu linatuambia kwamba jeraha lilimla Griffey mara mbili. Lilimnyima mechi, halafu likaingia naye uwanjani katika mechi alizocheza. Anayeipigania 778 anataka mtu wa miaka 31 hadi 34 apige kama alivyopiga akiwa na 26 hadi 30, tena katika miaka ambayo kila uwanja ulikuwa unamwaga homurani, miaka ya Mark McGwire kupiga 70 kwa msimu mmoja.

Mimi hata 696 simpi. Griffey alikuwa mchezaji wa katikati ya uwanja wa nje, mshindi wa glavu ya dhahabu, tuzo ya wadakaji bora, mara 10, na sehemu kubwa ya ujana wake aliimaliza ndani ya Kingdome ya Seattle, akikimbia na kujirusha juu ya zulia la plastiki lililotandikwa kwenye zege. Mwaka 1995 alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto kwa kuukwea ukuta wa uwanja huohuo kudaka mpira, akadaka, akakosa nusu ya msimu. Mwili uliopiga zile 398 ndio huo uliokuwa ukijigonga kutani. Kumtaka Griffey asiyeumia ni kumtaka mtu mwingine, mtulivu zaidi, na sina uhakika mtu huyo angekuwa na ile mizunguko ya gongo tuliyoipenda.

Swali moja la "ingekuwaje" nalikubali kwake, nalo ni la kanuni. American League iliruhusu mpigaji maalumu, anayepiga bila kudaka, tangu mwaka 1973. National League, alikokuwa Cincinnati, haikumruhusu mtu huyo kuwa wa kudumu hadi 2022. Kwa hiyo miaka yote ile ya mapaja yaliyochanika, Griffey akitaka kupiga ilimlazimu pia akimbize mipira. Angebaki Seattle, katika American League, angeweza kukaa benchi na kusimama tu zamu yake ilipofika, kama walivyofanya David Ortiz na Jim Thome hadi walipozeeka. Hilo ni jambo lililowezekana kwa mwili uleule.

Mantle naye aliikosa kanuni hiyo, kwa miaka mitano. Hadithi yake inajulikana: mechi za fainali za 1951, kijana wa miaka 19, mpira wa juu uliopigwa na Mays huyohuyo, Joe DiMaggio akauita wake, Mantle akafunga breki ghafla na mguu ukakwama kwenye kifuniko cha mtaro wa Yankee Stadium. Goti la kulia halikurudi lilivyokuwa. Watu humlilia kana kwamba alikosa nusu ya maisha yake ya mpira, na sivyo. Alicheza mechi 2,401 katika misimu 18. Kilichomwondoa ni uzee kumfika mapema: 35 mwaka 1964, kisha 19, 23, 22, 18, na Machi 1969 akatangaza amemaliza akiwa na miaka 37. Hakuna mechi za kujazia hapo. Mechi zipo, miguu ndiyo haikuwepo.

Nguvu ya homurani huanzia ardhini. Mguu wa nyuma unasukuma, nyonga zinageuka, kiwiliwili kinafuata, mikono inakuja mwisho. Ndiyo maana nimekuwa naogopa zaidi taarifa za mgongo na nyonga kuliko za mkono, ingawa za mkono ndizo zinazotisha kwenye vichwa vya habari. Griffey alitiwa chuma kwenye kifundo cha mkono mwaka 1995 na misimu mitatu iliyofuata akapiga 49, 56 na 56. Hank Greenberg wa Detroit alivunjika kifundo cha mkono mwanzoni mwa 1936, akacheza mechi 12 tu, na miaka miwili baadaye akapiga 58. Giancarlo Stanton alivunja kile kimfupa kidogo cha kiganja kinachokandamizwa na kitako cha gongo, mwaka 2015, akiwa na homurani 27 katika mechi 74, na mwaka 2017 akapiga 59. Upande wa pili, Ralph Kiner aliongoza National League kwa homurani misimu saba mfululizo, mgongo ukamstaafisha na 369 akiwa na miaka 32. Albert Belle, nyonga, 381, miaka 34. Mifupa husamehe. Viungo na misuli mikubwa huweka kinyongo.

Jicho ni habari nyingine. Tony Conigliaro wa Boston alikuwa na homurani 104 akiwa na miaka 22 tu pale Agosti 1967 mpira wa mrushaji ulipomvunja mfupa wa shavu na kumharibu jicho la kushoto. Alirudi, na mwaka 1970 akapiga 36, zaidi ya msimu wowote wa uzima wake. Jicho likazidi kufifia. Aliishia 166.

Msimu mfupi una udanganyifu wake pia, na kwa hili Mike Trout wa Los Angeles Angels ni somo. Kati ya 2021 na 2024 alicheza mechi 266 kati ya 648: kigimbi, mgongo, kimfupa cha kiganja, goti. Lakini katika hizo 266 alipiga homurani 76, kasi kubwa kuliko ya miaka yake ya uzima. Mwaka 2024 alikuwa na 10 katika mechi 29 goti lilipomwangusha. Izidishe hadi mechi 162 upate 56, wakati hajawahi kuvuka 45. Mwili ulikuwa ukimtoa uwanjani kabla uchovu wa Agosti haujamfika na kabla warushaji hawajapata njia mpya ya kumzuia, na takwimu ikagandishwa ikiwa bado moto. Mwaka 2025 hatimaye alicheza mechi 130, nyingi akiwa mpigaji maalumu, tukaona alichobaki nacho: 26. Ni kosa lilelile linalofanywa kwa Matt Williams, aliyekuwa na 43 mgomo wa wachezaji ulipousimamisha msimu Agosti 12, 1994, na ambaye mpaka leo kuna watu wanamhesabia 61 kana kwamba wiki saba zilizobaki zilikuwa za kusaini tu. Msimu uliofuata alivunjika mguu, akacheza mechi 76.

McGwire nitampitia haraka kwa sababu mashabiki wamekwisha kumsema vya kutosha, ila kuna jambo moja linaloihusu mada hii. Misimu ya 1993 na 1994 kisigino kilimwachia mechi 74 kwa jumla, homurani 18. Misimu mitano iliyofuata alipiga 284. Januari 2010 alikiri kutumia dawa za kuongeza misuli, na maelezo yake yalikuwa kwamba alizitafuta ili apone na arudi uwanjani. Umwamini au usimwamini kuhusu nia, kama ni kweli basi dawa zilimrudishia mechi kwanza, nguvu baadaye, na sisi tunaohesabu homurani za watu waliokosa mechi tuwe waangalifu tunaposema hayo mawili yametengana.

Aaron, basi. Aliwezaje? Hakuwahi kupiga 50 kwa msimu. Kilele chake kilikuwa 47, mwaka 1971. Alichofanya ni kupiga 20 au zaidi misimu 20 mfululizo. Mlango wenyewe alifunguliwa na mfupa wa mtu mwingine: Machi 1954 Bobby Thomson alivunjika kifundo cha mguu akijiburuza kituoni, na Milwaukee Braves wakampa Aaron, kijana wa Mobile, Alabama, nafasi yake. Septemba mwaka huohuo Aaron naye akavunjika kifundo cha mguu, mapema kiasi cha kupona na mwishoni kiasi cha kutopoteza msimu. Bahati ipo, siikatai. Ipo pia Atlanta, ambako timu ilihamia mwaka 1966 na ambako hewa nyepesi ya mwinuko ilibeba mipira. Lakini ipo na busara ya kuuachia mwili upumzike. Mwaka 1973, akiwa na miaka 39, alicheza mechi 120 tu na akapiga homurani 40. Mechi 42 alizokaa nje hakuna anayezihesabu kama hasara.

Ndiyo sababu swali la sasa kuhusu Aaron Judge wa Yankees siliangalii kwenye gongo. Hadi mwisho wa msimu wa 2025, alioucheza akiwa na miaka 33, alikuwa na homurani 368. Mwaka 2018 mpira ulimvunja kifundo cha mkono. Mwaka 2023 aligonga ukuta wa Dodger Stadium akidaka, kidole gumba cha mguu kikaumia, akamaliza na 37 katika mechi 106. Wapo wanaomwongezea 19 kwa mwaka ule, na wakiweka na msimu wa mechi 60 wa korona wanamfikisha juu ya 400. Kufika 600 anahitaji nyingine 232, ambazo ndizo hasa alizopiga Griffey tangu alipotimiza miaka 30, na zilimchukua misimu 11. Judge ana kilo zaidi ya 120 za kuzibebesha magoti. Yankees wakimpa nafasi ya mpigaji maalumu siku 60 kwa mwaka, kuanzia sasa, ningesema anaweza kufika 550. Wakiendelea kumpanga nje kila siku ili adake, nitashangaa akivuka 500.